Usiguse paji la uso kwanza, mfunue kifua

Swali: Daktari, shikamoo. Niko Njombe, mwanangu ana miezi 11. Leo ni siku ya nne anakohoa, kamasi zinatoka, na jioni mwili unachemka. Mama mkwe anasema ni kichomi, eti kwa sababu nilimwogesha jioni kwenye baridi hii ya Julai, na anataka tumpeleke kwa mzee mmoja akakatwe kimeo. Jirani amenipa nusu chupa ya amoksilini iliyobaki kwa mwanawe. Usiku tunaweka jiko la mkaa chumbani ili mtoto asipigwe na ubaridi. Naogopa, kwa sababu mwaka jana mtoto wa shemeji yangu alifariki kwa nimonia, hospitali wakatuambia tumemchelewesha, na yule mtoto hata homa kali hakuwa nayo. Nitajuaje kama haya ni mafua tu au ni nimonia?

Jibu: Marahaba, mama, na poleni kwa msiba ule. Nianze na maneno yako ya mwisho, maana jibu limo humo humo: hata homa kali hakuwa nayo. Nimonia haijulikani kwa joto la paji la uso, wala kwa ukali wa kikohozi. Mtoto mwenye mafua anaweza kukohoa usiku kucha mpaka nyumba nzima ikakesha, na asubuhi akadai uji wake kama kawaida. Mwenye nimonia anaweza kukohoa kidogo tu, mwili vuguvugu, huku nguvu zinamwisha. Kinachowatofautisha ni pumzi, na pumzi huonekana kifuani. Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba ni lile ambalo baridi ya Njombe inakukataza kulifanya: mfunue.

Najua ninachokiomba. Nilipokuwa bado najifunza kazi, usiku mmoja aliletwa mtoto mgongoni, amefungwa khanga mbili na blanketi juu, kofia ya sufu, soksi mpaka magotini. Uso tu ndio uliokuwa nje, na uso ulikuwa umetulia. Nikaandika mafua. Muuguzi mzee aliyekuwa zamu alimchukua mtoto bila kuniambia neno, akamlaza kitandani, akavua kimoja kimoja mpaka kifua kikabaki wazi, kisha akaniita nije nitazame. Mbavu za chini zilikuwa zinazama kila anapovuta hewa. Yule mtoto alipona, lakini tangu siku hiyo sijaandika jina la ugonjwa wa mtoto ambaye sijamwona kifua.

Sasa fanya hivi. Subiri atulie. Asiwe analia, asiwe ananyonya, asiwe ametoka kucheza. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mpakate au mlaze penye mwanga, pandisha nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Utaona tumbo linapanda na kushuka: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Usihesabu nusu dakika halafu ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpigo mmoja. Huenda haraka, wakapunguza, wakaenda tena. Ukiona unapotea katikati ya hesabu, tenga punje 50 za maharage kwenye bakuli. Wewe tazama kifua tu na useme "moja" kila pumzi. Mwenzako ahamishe punje moja kila unaposema. Punje zikiisha kabla ya dakika kuisha, au zikiisha pamoja nayo, mtoto wako anapumua haraka.

Kwa nini 50? Hicho ndicho kipimo cha umri wake. Kuanzia miezi 2 mpaka anapokaribia mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Mwezi ujao akishafikisha mwaka, kipimo kinashuka hadi 40, na kitabaki hapo mpaka afikishe miaka 5. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2 ni 60, ila mtoto wa umri huo sitaki mzazi akae nyumbani akimhesabia. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa wa moto au hata wa baridi kuliko kawaida, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Wachanga hawana muda wa kusubiri asubuhi, na wengi wao huugua nimonia bila homa yoyote.

Ukihesabu ukapata 53, hesabu tena baada ya dakika chache, pengine alikuwa amestuka. Ukipata tena namba ya aina hiyo, usiendelee kutafuta namba nzuri. Nenda.

Watu wengine hudharau kipimo hiki kwa kuwa hakina mashine. Si cha kienyeji hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Papua New Guinea, akiwamo Frank Shann, walionyesha kwamba kuhesabu pumzi na kutazama kifua kunatosha kumtenga mtoto wa kupewa dawa na mtoto wa kuachwa apone mwenyewe, hata pale pasipo na eksirei. Na katika miaka hiyo hiyo, hapa kwetu wilayani Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa jambo hilo hilo na kupewa dawa ya kotrimoksazoli ya kutibu watoto huko huko vijijini, na vifo vya watoto vikapungua. Shirika la Afya Duniani liliingiza hesabu hiyo katika miongozo yake, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika zahanati zetu. Kwa hiyo ukikaa na bakuli lako la maharage usijione mshamba.

Baada ya kuhesabu, bado usimfunike. Tazama sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia juu ya tumbo. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia iliyozidi, tumbo hutoka lakini mbavu za chini huingia ndani, kama kuna mtu anazivuta kwa kamba. Hiyo ndiyo kusema kifua kinabonyea, na likionekana hilo, idadi ya pumzi haina tena umuhimu, hata zikiwa 38. Pumzi zinaweza kupungua kwa sababu mtoto amechoka, na hapo wazazi wengi hudhani anapata nafuu. Tazama pia kama pua zinachanuka kila anapovuta hewa, kama anaguna "nh, nh" anapotoa pumzi, kama kichwa kinatikisika kufuata pumzi. Rangi usiitafute kwenye ngozi. Mfungue mdomo uone ulimi na fizi: zikiwa za kijivu au za samawati, oksijeni imepungua mwilini.

Yapo mengine yasiyosubiri hesabu wala maelezo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au ni mgumu kuamka, au anatoa mlio mkali kila anapovuta hewa ilhali ametulia. Moja tu likitokea, hata ikiwa saa nane za usiku, tafuteni usafiri.

Mlio wa kamasi puani ni jambo jingine. Watoto wa umri wake hupumulia zaidi puani, na pua ikijaa wanakoroma mpaka mama anaapa kuwa kifua kimejaa. Chemsha maji robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe, mdondoshee matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonya, kisha futa. Mlio ukiisha na akanyonya vizuri, ulikuwa wa pua. Nimonia haiondoki kwa matone.

Nimegusia oksijeni, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni yake, ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Nimonia ni pale vifuko hivyo vinapojaa majimaji na usaha. Pafu linakuwa gumu, mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, basi anafidia kwa fupifupi za haraka. Anaweza kufidia hivyo kwa siku mbili au tatu, kisha misuli inachoka. Nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa shemeji yako, na sisemi haya kumlaumu mtu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 pekee nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5, yaani takriban 14 katika kila 100 waliofariki wa umri huo. Huenda baadhi ya wazazi wao nao waligusa mapaji ya nyuso wakaona joto si kubwa.

Kwa sababu hiyo, mkifika hospitali mkaambiwa mtoto awekewe oksijeni, msikatae. Nimeshuhudia familia zikinong'ona wodini kwamba mashine ile ni ya watu wanaokata roho. Chanzo cha imani hiyo ni rahisi kukiona: zamani oksijeni ilikuwa haba, ikawa inawekwa mwisho kabisa, watu wakaunganisha mashine na kifo. Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, kinasoma oksijeni iliyo kwenye damu. Ikisoma chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni kama anavyohitaji dawa. Uliza tu, "Oksijeni yake inasoma ngapi?" Ni swali la haki kabisa, wala halimkosei mhudumu heshima.

Sasa baridi, maana najua ndiyo kesi iliyoko mezani kati yako na mama mkwe. Baridi haizai nimonia. Kuoga hakuzai nimonia. Inaletwa na vijidudu: bakteria, hasa yule aitwaye nimokokasi, na virusi vya aina nyingi, vikiwamo virusi vya RSV vinavyowasumbua sana watoto wa chini ya miaka 2. Lakini mama mkwe hajaona vibaya kwamba watoto wanaugua zaidi Juni mpaka Agosti. Miezi hiyo watu hujifungia ndani, madirisha yamezibwa, wanalala wengi chumba kimoja, mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ile ile. Na juu ya hayo kuna moshi. Kwa hiyo mwogeshe, tena mchana jua likiwa limetoka, maji ya uvuguvugu, haraka haraka, umkaushe vizuri na umvike. Mtoto mchafu hajakingwa na chochote.

Kinachonitisha katika barua yako ni jiko la mkaa, kuliko hata kikohozi. Mama, jiko lile litoke chumbani leo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala ikiwa hai na kukutwa asubuhi imekufa. Hata pasipo kufikia huko, mtoto anayevuta moshi wa kuni na mkaa kila siku huwa katika hatari ya nimonia inayokaribia mara mbili ya mwenzake. Moshi huunguza vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenye njia ya hewa, vijidudu vikapata njia. Kama ni lazima kupasha chumba joto, pasheni mapema mlango ukiwa wazi, kisha jiko likae nje kabla hamjafunga mlango kulala. Mtoto alale ubavuni mwako, ngozi kwa ngozi chini ya blanketi, joto la mama halina moshi. Na wakati wa kupika, asiwe mgongoni kwako mbele ya mafiga. Najua mtu wa kumwachia si rahisi kupatikana. Huyo bibi anayemhofia baridi ndiye wa kukaa naye nje ya jiko la kuni.

Kimeo usikubali. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kila mtu anacho, na kwa mtoto anayekohoa huonekana kimevimba na kuwa chekundu kwa sababu koo zima limevimba. Kukikata hakugusi mapafu. Nilichokiona baada ya kukatwa ni damu isiyokatika, usaha kooni, mtoto asiyeweza kumeza tena, na siku mbili tatu za matibabu zilizopotea wakati nimonia inaendelea chini kule. Wembe ule ule huweza kuleta pepopunda na hata VVU. Ni hivyo hivyo kwa wale wanaong'oa vinundu vya meno ya mtoto wakiviita meno ya plastiki. Kwa mama mkwe usiende na hoja ya kumshinda. Mpe saa ya simu au bakuli la maharage, mwambie unahitaji jicho la mtu mzima. Mimi nimepata wasaidizi wazuri sana kwa njia hiyo, tena wakali kuliko wauguzi.

Ile nusu chupa ya jirani mrudishie na asante. Amoksilini ya maji ikishachanganywa hudumu siku 7 mpaka 14 tu, ikategemea imehifadhiwa wapi, na hujui ya jirani ilifunguliwa lini. Kama mwanao ana mafua, haitamfaa kitu, maana mafua ni ya virusi. Kama ana nimonia, nusu chupa itapunguza makali siku mbili na kukudanganya, kisha itarudi. Akikutwa na nimonia isiyo na dalili za hatari, zahanati watampima uzito na kumpa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Kwa umri wake mara nyingi ni kidonge kimoja cha miligramu 250 asubuhi na kimoja jioni, kwa kawaida siku 5. Mpe zote hata akianza kucheza siku ya pili. Lakini usingoje siku ya tano kama haendi vizuri: baada ya siku 3 mrudishe akatazamwe, na kabla ya hapo kama kifua kimeanza kubonyea au ameacha kunyonya. Watu hupenda sindano, wanaona kidonge ni kumdharau mtoto. Kwa nimonia isiyo kali kidonge kinatosha.

Dawa za kikohozi za chupa achana nazo kwa umri huu. Asali pia mpaka avuke mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Kumfukiza kwa nyungu usithubutu. Nimewauguza wengi walioungua maji kuliko waliopona kikohozi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, na uji asipomaliza usimlazimishe.

Huko zahanati usishangae wakimpima na malaria. Njombe mjini mbu ni wachache, ila kama mlishuka Ludewa, mwambao wa Ziwa Nyasa, waambie, kwa sababu malaria na upungufu wa damu navyo hufanya mtoto apumue haraka. Watampima pia mkono kwa utepe, kwa kuwa mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuwa na nimonia bila homa na bila kukohoa sana. Na kama watakuuliza kuhusu kipimo cha VVU, chako na chake, jibu bila aibu. Mkoa wenu ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa nchini, na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupewa kotrimoksazoli mapema kumkinga na aina ya nimonia inayoua haraka miezi ya mwanzo. Kikohozi kikipita siku 14, waulize kuhusu kifua kikuu. Kama angekuwa ameshatibiwa nimonia mara tatu nne, ningetaka waangalie pumu, moyo, selimundu, au punje ya karanga iliyopita njia isiyo yake. Kwa mara ya kwanza hii hatuhitaji kufika huko.

Chukua kadi yake ya kliniki uitazame. Chanjo ya nimokokasi Tanzania ilianza kutolewa 2013, ile ya Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia, ilianza 2009 ikiwa ndani ya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, na zote mbili hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Jirani zetu wa Kenya walitangulia na ya nimokokasi mwaka 2011, na watafiti wa Kilifi waliofuatilia watoto kwa miaka wakakuta maambukizi makali ya aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo yamepungua kwa asilimia 92 kwa walio chini ya miaka 5. Ikiwa kuna nafasi tupu kwenye kadi, hajachelewa, waambie wamkamilishie. Ya surua na rubela ilipaswa kuwa miezi 9, na nyingine miezi 18. Surua ina tabia ya kuacha nimonia nyuma yake, na nimonia hiyo ndiyo huua wengi.

Kwa maelezo uliyonipa siwezi kukuambia mwanao ana nini. Siku nne za kamasi na homa za jioni mara nyingi ni mafua, ila hilo ni kisio la mtu aliye mbali. Akilala leo, washa taa, pandisha nguo, hesabu. Chini ya 50, mbavu hazibonyei na ananyonya: mpeleke zahanati kesho asubuhi bila haraka, homa ya siku nne inastahili kutazamwa. Ikiwa 50 au zaidi lakini ananyonya na kifua hakibonyei, alfajiri mwe njiani, na usiku amka umhesabie tena. Kifua kikibonyea, usinisubiri nikujibu tena.